Mwanamke kwa Mkono wa Mwanamke

Johan Zoffany, mchoraji mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi yake Uingereza, alimaliza mwaka 1772 picha ya wanachama wa Akademia ya Kifalme ya Sanaa ya London. Akademia yenyewe ilikuwa changa, maana iliasisiwa mwaka 1768, na miongoni mwa waasisi wake walikuwamo wanawake wawili: Angelica Kauffman na Mary Moser. Picha yaonyesha chumba kilichoangazwa kwa taa, na mabwana waliovaa mavazi ya heshima wamekusanyika, wengine wameketi, wengine wamesimama, mbele ya mwanamume aliye uchi anayewekwa katika mkao wa kuchorwa. Mtu akiwatafuta wale wanawake wawili katika kundi hilo hatawaona. Wamo, lakini wamo ukutani. Zoffany aliwachora kama picha mbili zilizotundikwa juu ya vichwa vya wenzao, kwa sababu haikuwa adabu mwanamke kukaa chumba kimoja na mwili wa mwanamume aliye uchi, hata kama jina lake limeandikwa katika orodha ya waasisi. Sidhani kama Zoffany alikusudia kejeli. Alishika adabu ya zama zake tu. Walakini kwa kuishika alieleza kwa picha moja jambo ambalo vitabu vingi vya sanaa havikulieleza kwa maneno, ya kuwa katika uchoraji wa Ulaya mahali pa mwanamke palikuwa ukutani.

Jambo hili lina uzito kwa sababu ya namna uchoraji ulivyofundishwa. Kuuchora mwili wa mtu hai kwa makaa au kwa kalamu ya risasi ndiko kulikokuwa alifabeti ya sanaa yote. Mwanafunzi alianza kwa kunakili michoro ya mabingwa, akaendelea na sanamu za plasta, kisha akafikishwa mbele ya mtu hai ajifunze jinsi bega linavyobeba uzito na jinsi goti linavyokunjika. Asiyepita mlango huo hakuweza kuchora vita, wala visa vya Biblia, wala tukio lolote la historia lenye watu wengi. Na hizo ndizo picha zilizopewa heshima na bei. Akademia ya London iliwaruhusu wanafunzi wa kike kumchora mtu hai mwaka 1893, tena awe amefunikwa sehemu ya mwili. Shule kuu ya sanaa ya Paris iliwapokea wanawake mwaka 1897; Akademia ya Berlin ikangoja mpaka mwaka 1919. Baada ya Kauffman na Moser, London haikumchagua mwanamke mwingine kuwa mwanachama kamili hadi mwaka 1936, alipochaguliwa Laura Knight. Linda Nochlin, mwanahistoria wa sanaa wa Marekani, alipouliza mwaka 1971 kwa nini hapakutokea wanawake walio mabingwa wakuu wa uchoraji, hakulitafuta jibu katika damu wala katika akili ya mwanamke. Alilitafuta katika milango ya namna hii.

Wakati huohuo vyumba vya wachoraji vilikuwa wazi kabisa kwa mwanamke asiyeshika kalamu. Alilipwa kwa saa, akakaa alivyoambiwa akae, akawa leo mungu wa kike wa Kiyunani, kesho mtakatifu, keshokutwa mchezaji ngoma. Alitazamwa sana. Yeye alichokiona, akiwa ameketi pale saa nne au tano bila kutikisika, hakuna aliyemwuliza.

Kabla ya kuendelea yafaa tulitazame neno letu wenyewe. Kiswahili chasema kuchora kwa kazi ya kalamu juu ya karatasi, na chasema kuchora pia kwa kazi ya chuma kinachokata nakshi katika ubao wa mlango. Tena mwanamke wa pwani anayempamba bibi arusi kwa hina na piko husemwa kuwa anamchora. Mkono mmoja, alama moja, iwe imepakwa au imekatwa. Lugha nyingine hutenga kazi hizi na kuzipa kila moja jina lake. Kwa makala haya upana wa neno letu ni faida, kwa kuwa mwanamke ninayekusudia kumweleza hapa alichora kwa makaa, akachora kwa sindano juu ya bamba la shaba, akachora kwa wino wa mafuta juu ya jiwe, na alipozidiwa na huzuni akachora kwa patasi ndani ya ubao.

Lakini kwanza nimtaje mwingine kwa kifupi, kwa sababu yeye ndiye aliyetoka ukutani kwa miguu yake. Marie-Clémentine Valadon alizaliwa Ufaransa mwaka 1865, mtoto wa mama asiye na mume aliyefua na kusafisha nyumba za watu ili apate chakula. Akakulia Montmartre, Paris. Alifanya kazi katika sarakasi hata akaanguka na kuumia, kisha akaanza kukaa mbele ya wachoraji kwa ujira. Puvis de Chavannes alimchora, Renoir alimchora mwaka 1883 akicheza dansi katika gauni jeupe la hariri, Toulouse-Lautrec alimchora. Huyu wa mwisho ndiye aliyemwita Suzanne, kwa utani, akikumbuka kisa cha kale cha Susana aliyechunguliwa na wazee alipokuwa akioga. Jina likamkaa. Wale mabwana hawakujua ya kuwa yeye naye alikuwa akijifunza kwa kuwatazama. Degas alipoiona michoro yake aliinunua, akamfundisha kazi ya bamba, na mwaka 1894 michoro hiyo ikakubaliwa katika maonyesho ya Société Nationale des Beaux-Arts.

Valadon aliwachora wanawake wakioga, kama Degas mwenyewe. Tofauti huonekana mara moja. Katika Degas mtazamaji yuko mlangoni, amejificha kidogo, na mwogaji hajui. Katika Valadon hakuna mlango. Mstari wake ni mnene, haukatiki, hauombi radhi. Mtumishi mzee ameinama na taulo, msichana ananyoosha mguu nje ya beseni, na fikira ya wote wawili imo katika kazi ya kuoga. Mwili ule umechoka au umepoa au unaona baridi. Haukuwekwa pale ili upendeze. Mwaka 1931, akiwa na umri wa miaka 66, alijichora kifua wazi, na uso wa mtu asiyetaka kuhurumiwa. Ni picha ya rangi, lakini ni mstari unaoishika. Kwa miaka kadha wanaume walilipa ili waupate mwili ule ungali kijana. Mzee hakununuliwa na mtu, akajichora mwenyewe.

Sasa nije kwa Käthe Kollwitz, ambaye kwake suala letu ni gumu zaidi. Valadon aliurudisha mwili wa mwanamke kwa mwenyewe. Kollwitz aliuliza mwili huo wafanya nini katika historia: wabeba nini, wapoteza nini, na una dhambi gani.

Alizaliwa tarehe 8 Julai 1867 mjini Königsberg, wakati ule mji wa Prussia, leo Kaliningrad ya Urusi. Babu yake mzaa mama, Julius Rupp, alikuwa mhubiri aliyeliacha kanisa la dola akaanzisha jumuiya huru ya waumini. Baba yake, Karl Schmidt, alisomea sheria lakini kwa ajili ya fikira zake za kisiasa akaacha njia ya serikali akawa fundi mwashi na mjenzi wa nyumba. Baba huyu ndiye aliyetaka binti yake awe mchoraji, akamlipia walimu, kwa kuwa akademia ya mji haikupokea wasichana. Akapelekwa Berlin katika shule ya chama cha wanawake wachoraji, mikononi mwa Karl Stauffer-Bern, kisha München. Binti alipochumbiwa na Karl Kollwitz, mwanafunzi wa udaktari, baba alisikitika. Aliona ndoa na uchoraji haviwezi kukaa katika nyumba moja.

Havikukaa kwa raha, lakini vilikaa. Mwaka 1891 waliooana, wakahamia mtaa wa wafanyakazi kaskazini mwa Berlin, Karl akiwa daktari wa mfuko wa matibabu wa washonaji nguo. Nyumba na chumba cha matibabu vilikuwa katika jengo moja. Wanawake waliokuja kutibiwa walipanda kwa mkewe wakaketi, wakazungumza: mume hana kazi, mume anapiga, mimba ya saba, mtoto anakohoa damu. Waliishi mahali hapo kwa zaidi ya miaka hamsini, mpaka mabomu yalipoliangusha jengo lile mwaka 1943. Wako waandishi wapendao kusema ya kuwa Kollwitz alichora maskini kwa sababu ya huruma. Yeye mwenyewe, alipoyakumbuka maisha yake katika uzee, alikana. Alisema mwanzoni aliwachora wafanyakazi kwa kuwa aliwaona ni wazuri, wenye mwendo mpana na mabega yaliyojaa, na watu wa tabaka lake mwenyewe hawakumvutia; huruma ilikuja baadaye, kwa njia ya wale wagonjwa. Neno hili nalithamini kuliko sifa zote alizopewa, maana mchoraji anayeanza na huruma humchora mtu kutoka juu.

Mwaka 1893 aliona mjini Berlin mchezo wa Gerhart Hauptmann juu ya uasi wa wafumaji wa Silesia wa mwaka 1844, akaacha kazi aliyokuwa nayo akaanza mfululizo wa picha sita uliomchukua hadi 1897. Atazamaye mfululizo huo na ahesabu wanawake. Katika picha ya kwanza mama ameshika kichwa kwa mikono miwili juu ya kitanda cha mtoto anayekufa. Katika maandamano, kati ya wanaume wenye mashoka, yuko mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni, mtoto amelala na kichwa kimeanguka begani, na mama anakwenda na wenzake. Mbele ya lango la tajiri, wanawake ndio wanaong'oa mawe ya barabara. Mama yule aliyekuwa ameinama kitandani katika picha ya kwanza si mtu mwingine. Ni tabaka lilelile la watu limeinuka. Uasi waanza kwa kikohozi cha mtoto.

Picha hizo zilionyeshwa mwaka 1898. Mchoraji mzee Adolph Menzel, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote mjini, alipendekeza apewe nishani ndogo ya dhahabu. Kaiser Wilhelm II alikataa. Miaka minane baadaye, 1906, Kollwitz alichora tangazo la maonyesho ya kazi zinazofanyiwa nyumbani: uso wa mshona nguo aliyechoka hata macho hayaoni tena. Mke wa Kaiser akakataa kuyazuru maonyesho mpaka tangazo lile liondolewe. Nadhani malkia yule aliielewa picha barabara.

Mfululizo wake wa pili ulihusu vita vya wakulima wa Ujerumani vya mwaka 1525, nao aliufanya kwa bamba la shaba kati ya 1902 na 1908. Katika historia ya Wilhelm Zimmermann alisoma habari za Anna Mweusi, mwanamke wa kijijini aliyewachochea wakulima. Kollwitz alimsimamisha mbele ya picha, ametupa mgongo kwetu, mikono miwili imeinuliwa juu na vidole vimekunjika, na wanaume wenye mikuki wakimpita kama maji yaliyobomoa ukuta. Uso wake hatuuoni. Mchoraji wa kiume wa zama zile angempa Anna uso mzuri na kifua wazi, amwite Uhuru. Huyu ana mgongo wa mtu aliyelima maisha yake yote, na mgongo huo watosha.

Bamba jingine laonyesha mwanamke aliyenajisiwa. Amelala chali katika bustani ya mboga iliyokanyagwa, miguu imeelekea kwetu, kichwa kimerudi nyuma hata karibu kipotee katika majani. Wachoraji wa Ulaya walikwisha kuchora unajisi mara nyingi, wakiuvika majina ya Kiyunani na Kirumi, na mara nyingi jicho la picha lilikuwa jicho la mtenda. Hapa mtenda amekwisha ondoka. Kilichobaki ni majani yaliyovunjika, na nyuma ya ua, ukitazama kwa makini, kichwa cha mtoto mdogo anayechungulia. Jicho la picha ni la huyo mtoto. Bamba la kabla ya mwisho, la mwaka 1907, ni uwanja wa vita usiku: mwanamke ameinama na fanusi akitafuta mwanawe katika maiti, na mwanga umeangukia mahali pawili tu, mkono wake wenye mishipa na kidevu cha kijana anachokigusa.

Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kuipita tarehe hiyo. Kati ya 1905 na 1907, alipokuwa akiyachora mabamba haya, majeshi ya Kaiser huyohuyo yalikuwa yakipigana na Maji Maji kusini mwa nchi hii, na baada ya risasi ikaja njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Huko nako palikuwa na mama walioinama juu ya maiti usiku. Katika kazi ya Kollwitz mwanamke wa makoloni hayumo. Macho yake yaliishia Berlin ya kaskazini na Ujerumani ya mwaka 1525. Silisemi hili kama hatia yake peke yake. Nalisema kwa kuwa mara nyingi picha ya fanusi ile husifiwa kuwa ni ya wanawake wa dunia nzima, na sifa hiyo hutolewa kwa wepesi mno. Ni ya dunia nzima kwa sababu sisi tulioitazama kutoka Songea au Kilwa twaweza kuitia majina yetu, si kwa sababu yeye alituona.

Katika miaka hiyohiyo, 1903, alichora picha ambayo kila aandikaye juu yake lazima aifikie: mwanamke aliye uchi, amekunja miguu, amemkumbatia mtoto mfu na kuuzika uso wake katika kifua cha mtoto. Hakuna chozi wala mikono iliyoinuliwa mbinguni. Amemshika kama mnyama ashikavyo mtoto wake, pua na mdomo vimezama katika mwili. Alijichora mwenyewe mbele ya kioo, akiwa amempakata mwanawe Peter aliyekuwa na umri wa miaka saba. Kazi ilikuwa nzito, akaguna kwa uchovu, na mtoto akamfariji kwa sauti yake ndogo ya kuwa picha itatoka nzuri. Rafiki yake mmoja alipoiona katika maonyesho alishtuka, akadhani Peter mdogo amepatikana na jambo.

Peter alipatikana na jambo miaka kumi na mmoja baadaye. Agosti 1914 vita vilipotangazwa, kijana wa miaka 18 alitaka kujiandikisha kwa hiari. Sheria ilitaka ruhusa ya baba. Karl alikataa. Peter akamgeukia mama kwa macho, na mama akamwombea kwa baba, na ruhusa ikatolewa. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Oktoba 1914 aliuawa katika ardhi ya Ubelgiji.

Hapo ndipo historia ya michoro yake inapogeuka kuwa kesi, na yeye ndiye mshtaki na mshtakiwa. Mwaka 1914 haukumkuta akiwa mpinga vita. Alikuwa mwanamke aliyeamini, kama wengi wa nchi yake, ya kuwa kujitoa ni jambo tukufu, na kuwa mama naye ana sadaka yake ya kutoa. Aliianza ile Desemba sanamu ya ukumbusho wa mwanawe, akaiacha, akairudia, nayo haikumalizika hata 1932, ilipowekwa katika makaburi ya Ubelgiji: baba na mama wamepiga magoti, kila mmoja peke yake, wakiwa kana kwamba waomba msamaha. Sasa ziko Vladslo, mbele ya kaburi la Peter. Katikati ya miaka hiyo kumi na minane ndipo ilipo michoro ninayoiona kuwa mikubwa kuliko yote aliyoifanya.

Alijaribu kuichora vita kwa sindano, haikukubali. Akajaribu kwa jiwe, haikumridhisha. Mwaka 1920 aliona chapa za ubao za Ernst Barlach, akatambua ya kuwa kumbe ndio njia. Ubao hauna kijivujivu. Kinachokatwa ni cheupe, kisichokatwa ni cheusi, na mkono uliozoea kupapasa shaba ukalazimika kuamua. Mfululizo wa picha saba aliouita Vita ulikamilika mwaka 1922. Hamna bunduki hata moja ndani yake, wala adui, wala bendera. Baba na mama wamepiga magoti wakashikamana hata wakawa donge moja la weusi. Mjane amesimama, mikono mikubwa kifuani. Mjane mwingine amelala kifudifudi cha maisha yake, yaani chali, na mtoto mchanga juu yake. Katika picha ya wanaojitolea, vijana wanafuata kifo chenye ngoma, na aliye karibu na mpiga ngoma ni Peter.

Nami natua kwenye ile ya kwanza, Sadaka. Mwanamke kijana aliye uchi amemwinua mtoto mchanga mbele yake kwa mikono miwili, kama atoaye. Macho yamefumbwa. Nyuma yake joho jeusi limemzunguka. Watu husema ni picha ya mama aliyenyang'anywa. Mimi siioni hivyo. Mikono ile haijanyang'anywa kitu, inatoa. Kollwitz alikuwa mchoraji stadi mno kukosea mkono, na kama angetaka kuchora kunyang'anywa angechora vidole vinavyong'ang'ania, kama alivyovichora mwaka 1903. Aliichora hatia yake ilivyokuwa: mama aliyefumba macho akatoa. Sijui mchoraji gani wa kiume angeweza kuifikia picha hii, si kwa upungufu wa ustadi, bali kwa sababu mama wa mwanajeshi katika picha zao hulia tu kando ya barabara. Kumpa mama hatia ni kumpa pia uwezo wa kutenda. Ulaya yote ilikuwa imejaa sanamu za mama walioomboleza. Huyu alithubutu kusema ya kuwa walitiwa saini.

Wako wasomi wa kike wa siku hizi wanaomlaumu Kollwitz ya kuwa alimfunga mwanamke katika umama, kana kwamba asiye na mtoto hana hadithi. Lawama hii ina ukweli kidogo. Katika mamia ya michoro yake mwanamke anayesoma ni haba, na anayecheka ni haba zaidi. Lakini wanaolaumu husahau picha zake mwenyewe, zinazokaribia mia moja, alizojichora tangu usichana hadi uzee. Humo hana mtoto, hana kitambaa cha kichwa, hana pambo. Ana mkono juu ya paji la uso na macho ya mtu afanyaye hesabu. Huyo ni mwanamke anayefikiri, na amechorwa mara nyingi kuliko mama yeyote. Wasahau pia tangazo lake dhidi ya sheria iliyowaadhibu waliotoa mimba: mwanamke mjamzito mwenye uso uliopigwa, mtoto mmoja mkononi, mwingine ameshika nguo. Aliyechora hivyo hakuuona umama kuwa pambo.

Chapa ina fadhila ambayo picha ya rangi haina: husafiri, na bei yake ni ndogo. Mwaka 1931 mwandishi kijana wa China, Rou Shi, aliuawa kwa risasi na serikali ya nchi yake. Lu Xun, rafiki yake, alitaka kuandika ukumbusho na hakuweza kuusema waziwazi. Alijua ya kuwa mama yake Rou Shi alikuwa kipofu, yuko kijijini, na hajui kama mwanawe amekufa. Basi akachapa gazetini picha ya Sadaka, mama aliyefumba macho akimtoa mwanawe, na waliojua wakajua. Mwaka 1936, karibu na kufa kwake, Lu Xun alitoa kwa gharama yake kitabu cha chapa za Kollwitz, na vijana wa China wakajifunza humo kukata ubao. Picha iliyokatwa kwa hatia ya mama mmoja wa Berlin ikawa kilio cha mama mwingine ambaye asingeweza kuiona.

Nyumbani mambo yalikuwa yamegeuka. Mwaka 1919 Akademia ya Prussia ilikuwa imemchagua, mwanamke wa kwanza kupewa humo cheo cha profesa. Mwaka 1933, baada ya kutia saini wito wa kuwaunganisha wapinzani wa Hitler, alilazimishwa kutoka. Mwaka 1936 askari wa siri walimhoji na kumtisha kwa kambi. Karl akafa 1940.

Akiwa na miaka 74, kati ya mwisho wa 1941 na mwanzo wa 1942, alichora juu ya jiwe chapa yake ya mwisho. Jina lake ni maneno ya Goethe, ya kuwa mbegu za kupanda zisisagwe, maneno ambayo alikwisha kuyatumia Oktoba 1918 katika barua gazetini, alipompinga mshairi aliyetaka vijana zaidi wapelekwe vitani. Ni mwanamke mzee, kichwa kikubwa, mikono imetandazwa kama paa. Chini ya koti lake wamo wavulana watatu. Mmoja ana hofu. Lakini mwingine, na hili ndilo linalonishangaza kila niitazamapo, anachungulia nje kwa furaha; ataka kutoka, ataka kwenda, kama Peter alivyotaka. Na mama huyu amefumbua macho. Mkono wake, uleule mpana aliouchora kwa miaka hamsini, umemkandamiza kijana kichwani asitoke.

Mjukuu wake wa kwanza, aliyepewa jina la Peter, aliuawa Urusi Septemba 1942. Kollwitz alikufa Moritzburg karibu na Dresden tarehe 22 Aprili 1945, zikiwa zimebaki wiki mbili na siku chache vita vikome.